Tembo Hawakujisajili

Siku ile tulikuwa tumekaa kwenye banda la mikutano, watu kama sitini hivi, tunangoja filamu. Ilikuwa semina ya mazingira. Semina za mazingira hapa kambini mnazijua: ukikata mti mmoja panda miwili, mti mbichi usiguse, soda na mandazi, sahihi kwenye karatasi, kwaheri. Safari hii kijana wa shirika alileta projekta akatuonyesha kambi ya wenzetu wa Bangladesh. Vibanda vya mianzi na turubai vimepanda vilima, kimoja juu ya kingine, mpaka macho yanachoka kuhesabu. Halafu ikaja picha ya usiku. Tochi nyingi, kelele, na katikati ya tochi mgongo mkubwa wa mnyama unapita kati ya nyumba za watu.

Kijana akasimamisha filamu. Akasema, "Hii kambi imejengwa juu ya njia ya tembo. Tembo walikuwepo kwanza."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, bila hata kuinua mkono, akauliza: "Na hao tembo, walijisajili mwaka gani?"

Banda zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Sisi tumechukuliwa alama za vidole mara ngapi, tumepanga foleni ya uhakiki mara ngapi ili kuonyesha kwamba kweli tupo, kwamba yule mtoto kwenye kadi ndiye huyu. Sasa kumbe kuna mnyama hana kadi, hapangi foleni, na bado kuna watu wanajua wako wangapi na wanapita wapi. Kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake, na yule kijana aliusikia, maana aliwasha tena filamu haraka haraka.

Nilipofika nyumbani swali la mzee lilikuwa bado limenikaa kichwani. Nyuma yake lipo lingine, na hilo ndilo nataka tulijadili hapa: mtu aliyekimbia kifo, akawekwa mahali ambapo hakupachagua, anadaiwa kitu na mnyama aliyemkuta hapo?

Nianze na yaliyotokea, kwa wale ambao hawakuwepo kwenye semina. Kuanzia tarehe 25 Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walitoroka jimbo la Rakhine, nchini Myanmar, wakaingia wilaya ya Cox's Bazar, kusini kabisa mwa Bangladesh. Kutupalong ilikuwa kambi ya zamani, ya ndugu zao waliokimbia mwaka 1991 na 1992. Ghafla ikavimba, ikaungana na Balukhali, ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani. Watu walipewa vilima, na vilima vile vilikuwa msitu wa serikali. Ndani ya miezi michache maelfu ya ekari yalibaki udongo mtupu. Miti ilikatwa kujengea, kisha matawi yakaisha, kisha watu wakachimba mizizi kwa ajili ya kupikia. Sihitaji kuwaeleza ninyi jinsi mtu anavyofika kwenye kuchimba mizizi.

Sasa ule msitu ulikuwa barabara. Tembo wa pande zile, ambao idadi yao haifiki hata 50, walikuwa wakipita hapo wanapokwenda na kurudi kati ya misitu ya Bangladesh na ya Myanmar. Walipokuja kwa majira yao wakakuta turubai. Katika miezi ya mwanzo zaidi ya wakimbizi kumi waliuawa, watoto wakiwemo, wengine wakiwa wamelala. Hebu fikiria. Umenusurika risasi, umenusurika moto, umevuka mto na mtoto mgongoni, umefika mahali ambapo umeambiwa sasa uko salama, halafu usiku wa manane nyumba inakuangukia na juu yake kuna mguu wa tembo.

Tembo wa Asia si huyu tunayemfahamu sisi. Ni mdogo kidogo, masikio yake hayafuniki mabega, mgongo umeinuka katikati, na ncha ya mkonga ina kidole kimoja tu ambapo tembo wa kwetu ana viwili. Majike hawana pembe za kuonekana, na madume wengi vilevile hawana. Lakini usidanganyike na neno mdogo: dume mzima anafika tani nne na kuzidi. Kwa siku anakula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na mianzi, na hiyo ndiyo sababu hawezi kukaa sehemu moja. Akikaa atamaliza kila kitu kisha afe njaa. Mimba yake ni karibu miezi 22. Kwa hiyo jike akipoteza mtoto mmoja, amepoteza miaka. Porini wamebaki karibu 50,000 katika nchi 13, zaidi ya nusu yao India, na tangu mwaka 1986 wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Bangladesh yenyewe ilihesabiwa, na ripoti ya mwaka 2016 ikasema tembo wanaoishi humo wakati wote ni 268. Kwenye mgao wetu, watu 268 hawajazi hata foleni moja ya asubuhi.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili la bibi. Kundi la tembo linaongozwa na jike mzee. Yeye ndiye anayekumbuka maji yako wapi wakati wa kiangazi, bonde gani lina mianzi, wapi pa kuvukia. Wenzake wanamfuata, na watoto wanajifunza njia kwa kuitembea nyuma yake. Kwa hiyo njia ya tembo haiko ardhini tu kama barabara ya magari. Iko ndani ya kichwa cha bibi mmoja. Alipofika Kutupalong akakuta kilima kimejaa watu, hakuwa na mahali pa kuuliza. Alifanya kile ambacho bibi zetu wangefanya, akaendelea na njia anayoijua.

Babu yangu alikuwa na shamba la maharage lililokatwa katikati na njia ya kuteremka ziwani. Njia ile ilimuudhi kweli. Ng'ombe walikula majani pembeni, watoto waliokuwa wakienda kuchota maji walichuma maharage mabichi. Shangazi alimwambia zaidi ya mara moja, lima tu juu yake, watazunguka. Hakulima. Alikuwa anasema shamba ni lake, njia si yake. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukaidi wa wazee. Sasa naona alikuwa anasema kwamba kuna kitu kinaweza kuwa katikati ya mali yako na kisiwe chako, na kwamba kukiheshimu si zawadi unayompa mtu.

Lakini babu alikuwa na shamba. Alikuwa na chaguo. Ndipo hapo hoja ya mzee wa semina inapokuwa na nguvu, na sitaki kuipita haraka. Filamu ilipoisha alisimama akasema hivi: "Mimi nikikanyaga mguu wa mtu kwa makusudi nitaomba msamaha. Lakini nikisukumwa na umati nikaukanyaga, muulizeni aliyesukuma." Watu wakapiga makofi. Na kweli, hakuna Mrohingya aliyechora ramani ya Kutupalong. Serikali ilionyesha vilima, mashirika yakaleta mianzi na turubai, na waliosababisha yote wako ng'ambo ya mpaka wakiwa na sare zao. Mkimbizi alifika wa mwisho katika mnyororo huo, na yeye ndiye aliyeonekana wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyelala pale.

Tena tuseme ukweli wote. Sri Lanka mwaka 2023 tembo zaidi ya 400 walikufa katika mwaka mmoja, wengi kwa risasi, umeme, treni na mabomu madogo yanayofichwa ndani ya chakula. India kila mwaka mamia ya watu wanauawa na tembo. Huko kote hakuna kambi kama Kutupalong. Kuna mashamba ya mpunga, mashamba ya chai, reli, migodi. Hata hapo Bangladesh, mwaka 2021 tembo kadhaa waliuawa ndani ya wiki chache, wengine kwa nyaya za umeme zilizozungushiwa mashamba, wengine kwa risasi. Reli mpya ya kwenda Cox's Bazar, iliyofunguliwa 2023, inapita ndani ya hifadhi ya Chunati. Walijenga daraja maalumu ili tembo wapite juu ya treni, na bado mwaka 2024 mtoto wa tembo akagongwa humo akafa. Na kwenye mpaka wenyewe na Myanmar kuna uzio, na kuna mabomu yaliyotegwa ardhini, ambayo hayaulizi anayekanyaga ana miguu miwili au minne. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wakimbizi wamefunga njia ya tembo, mwambie aendelee kuhesabu. Mkimbizi ni rahisi kulaumiwa kwa sababu amewekwa pamoja, amehesabiwa, ana namba. Reli haina kadi ya mgao.

Hadi hapo nilikuwa upande wa mzee kabisa. Kilichonitoa hapo ni kumbukumbu yangu mwenyewe, na naona aibu kidogo kuiandika.

Mimi nilizaliwa Sake, karibu na Goma. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa, na mwezi Julai Wanyarwanda mamia ya maelfu walivuka mpaka ndani ya siku chache. Wengine waliwekwa Mugunga, kwenye mawe ya volkano, njia ya kuja kwetu. Mawe hayaoti kuni. Kila asubuhi waliingia msitu wa Virunga, na kila jioni tuliona mistari ya watu wanarudi na mizigo vichwani, na msitu ukawa unarudi nyuma kama nywele za mzee. Baba alikuwa anasimama mlangoni anasema, "Hawa watu wanakula mlima wetu." Mimi na wenzangu tuliwaimbia watoto wao nyimbo mbaya. Hatukujiuliza wanapikia nini, wala waliacha nini nyuma, wala nani aliwaweka kwenye mawe. Tuliona miti tu.

Miaka miwili baadaye vita ilitufikia na sisi. Tulishuka Uvira kwa ndugu wa baba, halafu ziwa, halafu Kigoma. Leo mama mdogo wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta kuni, na wenyeji wa kijiji cha jirani wanasimama mlangoni wanasema maneno yale yale ya baba. Yale yale, bwana, utafikiri walifundishwa. Nimekaa kwenye viti vyote viwili, na nawaambia kwamba msitu wa Virunga ulikatwa kweli. Kilio cha baba kilikuwa cha haki na shtaka lake halikuwa la haki, vyote kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha vitu viwili ambavyo kwenye banda tulivichanganya: kosa na deni. Tuchukue mfano wa hapa hapa. Usiku upepo mkali unang'oa turubai lako, mawe uliyoliwekea juu yanarushwa na kuvunja chungu cha jirani. Hujakosa chochote. Ulifunga vizuri kadiri ya kamba uliyopewa. Lakini asubuhi utakaa ndani useme ni upepo? Utatoka, utaokota vipande pamoja naye, ikiwezekana utamwazima sufuria. Na yeye, akiwa mtu, hatakwambia wewe ni mharibifu. Hakuna mwenye kosa hapo, lakini chungu kimevunjika na jirani anataka kupika. Deni linazaliwa na ujirani.

Sasa je, tembo ni jirani? Mzee angecheka tena. Lakini angalia wenzetu wa Kutupalong walifanya nini, maana wao walilijibu swali hili kabla yangu, na kwa miguu yao.

Mwanzoni mwa 2018 HCR na shirika la IUCN waliunda vikosi vya kuwashughulikia tembo, na waliojiunga ni wakimbizi wenyewe, mamia ya watu wa kujitolea. Kilijengwa mnara baada ya mnara pembezoni mwa kambi. Usiku watu wanakaa juu wanaangalia msitu, wana tochi na vipaza sauti. Mimi ni sungusungu wa kijiji chetu cha kambi kwa mwaka wa nne sasa, kwa hiyo sehemu hii ya filamu niliifuata kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Nikaona kwamba kazi yao ya kwanza haikuwa kumzuia tembo. Ilikuwa kuwazuia watu. Zamani tembo akiingia, watu kwa maelfu walitoka kumzunguka, wanapiga kelele, wanarusha mawe, wengine wanapiga picha; mnyama akikosa pa kutokea anakimbia popote, na popote ni juu ya nyumba. Walinzi wakajifunza kurudisha watu nyuma, kupanga mstari upande mmoja na kuacha upande wa msitu wazi, halafu kumsindikiza polepole mpaka atoke. Yaani wanamfungulia njia. Vifo ndani ya kambi vikapungua sana.

Kulikuwa pia na tembo wa mianzi, wakubwa kama tembo wa kweli, waliovishwa nguo kuukuu za wakimbizi. Waliwatengeneza wakimbizi pamoja na wasanii wa Bangladesh, na vijana wanaingia ndani wanawatembeza ili watu wazoee na wajifunze la kufanya. Akina mama kwenye banda walipenda sana hapo. Mmoja alisema kitenge cha bega la kushoto ni kama chake kilichobaki Fizi.

Watu hawa wanafahamu tembo kabla ya kambi. Ni Waislamu, na watoto wao wanahifadhi Sura ya Tembo, inayohusu jeshi lililokwenda Makka na tembo kuibomoa Al-Kaaba. Masimulizi yanasema tembo mwenyewe alipiga magoti akakataa kusonga, hata walipompiga. Jirani zao Wahindu wana Ganesha mwenye kichwa cha tembo, wanayemwomba kabla ya kuanza safari au biashara. Na Wabudha husimulia kwamba mama yake Budha aliota tembo mweupe kabla ya kumzaa. Kwa sababu hiyo wafalme wa Burma na Siam walimtafuta tembo mweupe kama baraka ya kiti chao, na majenerali wa Myanmar wakairithi imani hiyo.

Ngoja nisimame hapa kidogo. Mwaka 2010 huko Myanmar alikamatwa tembo mweupe, akapelekwa mji mkuu kwa shangwe ili awe ishara ya neema kwa nchi. Alikamatwa wapi? Rakhine. Jimbo lile lile. Warohingya wa Rakhine, kwa sheria ya uraia ya mwaka 1982, wanahesabiwa si watu wa nchi hiyo. Tembo mmoja wa Rakhine ni baraka ya taifa, na mamilioni ya sala za watu wa Rakhine hazimfanyi hata mmoja kuwa raia. Ukisikia hivyo haraka unaweza kusema, ona, tembo anathaminiwa kuliko mtu. Nami nilisema hivyo. Halafu nikakumbuka kwamba yule tembo alifungwa mnyororo mguuni, akatolewa kwenye kundi lake na njia yake, akasimamishwa bandani watu wamtazame. Watawala wale wale walimfukuza mtu na kumfunga tembo, na hakuna aliyeachwa apite.

Kwa hiyo mkimbizi anaposimama usiku kumfungulia tembo njia, anafanya kitu ambacho hao wenye nguvu hawakukifanya kwa yeyote kati yao wawili. Sisemi kwamba wote wanaokaa minarani wanafikiri hivi. Wengine wanalinda watoto wao tu, na hiyo inatosha.

Lakini lipo neno la mama mmoja, na yeye hakuchekesha. Alisema: "Mimi mgao wangu umepunguzwa. Fedha za kununulia tembo tochi zipo, za unga hazipo?" Kijana wa shirika alijibu kwamba ni bajeti tofauti, na wafadhili ni tofauti. Ni kweli, na ni jibu baya. Huko Bangladesh, Machi 2023 mgao ulishushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 10, na Juni ukashushwa hadi 8. Dola 8 kwa mwezi. Mtu anakula nini hapo? Na usiku ule ule walinzi wako minarani.

Wewe unayefanya kazi na shirika, naomba nikuseme kidogo, kwa heshima. Ninyi mnapenda sana picha ya mkimbizi anayelinda mazingira. Ni picha nzuri. Lakini kuni hazikatwi na ujinga. Zinakatwa na chungu. Kule Cox's Bazar, semina zilikuwepo, mabango yalikuwepo, na vilima viliendelea kunyolewa. Kilichobadilisha mambo ni gesi: kuanzia 2018 familia zilianza kupewa majiko na mitungi, mahitaji ya kuni yakashuka, na vilima vilipopandwa upya miti ikapata nafasi ya kukua bila kung'olewa. Mtu mmoja alilipia ule mtungi. Hiyo ndiyo maana ya kugawana deni. Mkimbizi alitoa usiku wake na miguu yake, mwenye fedha akatoa gesi. Ukimletea mtu somo la deni bila jiko, umemwachia yeye peke yake kulipa kwa ajili ya serikali mbili, jeshi moja, kampuni ya reli na dunia nzima inayopenda tembo kwenye kalenda.

Na mzee wangu wa nyuma, nawe naomba nikujibu. Ulisema muulizeni aliyesukuma. Tumuulize, ndiyo, na tusiache kumuuliza, hata mahakamani. Lakini aliyesukuma yuko mbali, na mguu tuliokanyaga uko hapa. Mimi naogopa kitu kimoja kuliko lawama za wenyeji. Naogopa siku ambayo tutakuwa tumezoea kutokuwa na kosa kiasi kwamba tutajiona hatuna pia mkono. Miaka yote hii kila kitu tunatendewa: tunahesabiwa, tunahamishwa, tunapewa, tunanyimwa. Mtu akikwambia unadaiwa, kwa namna fulani amekwambia wewe bado ni mtu mzima. Mtoto mchanga hadaiwi.

Mama wa mgao hakuridhika nilipomwambia haya njiani. Alisema maneno matamu hayachemshi maharage. Akaniuliza, kama ni wewe uko kule, na dola 8, na tembo amekanyaga mtoto wa jirani, utapanda mnarani? Nikamwambia nadhani ndiyo. Akasema, "Unadhani." Tukatembea mpaka kwenye bomba bila kusema tena.

Siku mbili baadaye nilimsindikiza mama mdogo kwenye kuni. Nilitaka kuona tu. Alikata matawi makavu, akaacha shina, akapita mti mmoja mzuri kabisa bila kuugusa. Nikamuuliza kwa nini, nikidhani atataja semina. Akasema huo ni mti ambao mama wa kijijini anaanikia mtama chini yake, wanafahamiana. Tulichukua saa nne kupata mzigo ambao zamani ulipatikana kwa saa moja na nusu.

Jumatatu ni zamu yangu ya sungusungu, kuanzia saa mbili usiku, upande wa korongo. Filimbi ninayo. Tochi ninayo pia, ila betri zimekwisha tangu mwezi uliopita, na nimeziomba mara mbili.